Kileo ni Haramu, Lakini Shamba Lina Funzo

Najua baadhi ya wasomaji watauliza tangu mstari wa kwanza: mtu anayewaandikia watu wa mwambao, wengi wao Waislamu, yamhusu nini mvinyo wa Wazungu? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu mapema ili tusikae na dukuduku. Hukumu ya kileo twaijua sote, na hadithi yawataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili yake, tangu anayeikamua na anayeibeba hata anayeiuza na anayekula thamani yake. Sikuja kuitafutia ruhusa. Nilivutwa na habari ya shamba, na ya koo zilizorithi shamba hilo, na ya namna baadhi yao walivyolipoteza na wengine wakabaki nalo. Habari hiyo yatugusa sisi tunaogawana mashamba ya minazi na miembe kila mzee anapofariki, mpaka kinachobaki ni kipande kisichotosha kujenga banda la kuku.

Shamba lenyewe liko Uhispania, upande wa Catalonia, katika bonde liitwalo Penedès, si mbali na mji wa Barcelona. Mji mkuu wa kazi hiyo waitwa Sant Sadurní d'Anoia. Hapo hutengenezwa mvinyo wa povu uitwao cava, ndugu wa ile shampeni ya Wafaransa. Mwaka 2018 nyumba mbili kubwa kuliko zote za mji huo, Codorníu na Freixenet, zilitoka katika mikono ya koo zilizozianzisha. Moja ilichukuliwa na kampuni ya fedha ya Marekani iitwayo Carlyle, na ya pili ikaingia mikononi mwa Henkell ya Ujerumani, iliyonunua zaidi kidogo ya nusu ya hisa. Mwaka 2024 Freixenet ikatangaza kuwaweka wafanyakazi 615 katika likizo ya lazima, kwa sababu ukame ulikuwa umepunguza zabibu. Mambo haya mawili, kuuzwa kwa nyumba na kukauka kwa ardhi, ndiyo nitakayoyachambua.

POVU LATOKA WAPI

Kwanza tuelewe kazi yenyewe, kwani pasipo hivyo hatutajua kwa nini ardhi yake ina thamani. Zabibu hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke. Kisha hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa ikazibwa barabara, ikalazwa katika handaki lenye baridi. Hamira hula ile sukari na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, huingia katika maji yenyewe. Nguvu iliyomo ndani ya chupa hiyo yafikia kadiri ya mara sita ya uzito wa hewa tunayoivuta, ndiyo maana kioo chake ni kinene na kizibo hufungwa kwa waya. Kwa kanuni za cava, chupa ya chini kabisa hulala miezi 9, na ile ya daraja la juu hulala miezi 30 au zaidi.

Mwenye kazi hii basi hulima mwaka huu, akauza baada ya miaka miwili au mitatu. Na mzabibu wenyewe aliupanda baba yake au babu yake, kwani mzabibu ukitunzwa waishi miaka mingi kama mnazi. Kazi ya namna hiyo yataka ukoo wenye subira na ardhi isiyogawanywa kila kukicha.

Wala mzabibu si mgeni katika ilimu ya Waislamu. Katika karne ya 12, huko Seville ya Andalusia, alikuwako mwanachuoni Ibn al-Awwam, aliyeandika kitabu kikubwa cha kilimo, Kitab al-Filaha. Humo alieleza habari za udongo, mbolea, maji, na namna ya kuunganisha miti, na mzabibu umo. Mkulima Mwislamu alikula zabibu mbichi, akaanika nyingine, akatengeneza siki.

NDOA YA MWAKA 1659

Turudi Sant Sadurní. Ukoo wa Codorníu ulikuwa na mizabibu tangu karne ya 16. Mwaka 1659 binti wa ukoo huo, Anna Codorníu, aliolewa na Miquel Raventós, na tangu hapo shamba likaendelea kwa jina la mama na ukoo wa baba. Mjukuu wa mbali wa ndoa hiyo, Josep Raventós, ndiye aliyetengeneza cava ya kwanza ya nyumba hiyo mwaka 1872, kwa njia aliyoiona kwa Wafaransa.

Freixenet nayo ilianza mwaka 1914 katika nyumba ya Dolors Sala na mumewe Pere Ferrer. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1936, mume na mtoto wao mkubwa wa kiume waliuawa. Yule mjane aliishika kazi na wanawe waliobaki, akaisimamisha. Nalitaja hili kwa sababu mwambao wetu una wajane wengi wa namna hiyo, waliobaki na shamba na watoto, na ambao heshima yao yasahauliwa siku ya kugawa.

MTI WA MMOJA, ARDHI YA MWINGINE

Hapa yaja sehemu iliyonifanya niishike kalamu. Katika Penedès ya zamani wakulima wengi hawakuwa na ardhi. Walikuwa na mkataba uitwao rabassa morta, maana yake kisiki kilichokufa. Mwenye ardhi alimpa mkulima kiwanja, mkulima akapanda mizabibu kwa jasho lake na kumlipa mwenye ardhi sehemu ya mavuno. Mkataba haukuwa na miaka. Ulidumu muda wa mizabibu ile kuwa hai, na theluthi mbili ya iliyopandwa mwanzo ikifa, ardhi hurudi kwa mwenyewe. Wakulima walijua hila ya kuirudishia mizabibu ujana kwa kufukia matawi yakatoa mizizi mipya, na hivyo mkataba ukarithiwa na watoto na wajukuu.

Kisha kikaja kidudu. Kilitoka Marekani, chaitwa filoksera, ni kidogo mno, nacho hufyonza mizizi ya mzabibu mpaka ukafa. Kiliimaliza mizabibu ya Ufaransa, na mwaka 1887 kikafika Penedès. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani, ambalo mdudu huyo haliwezi. Lakini kwa mkulima wa rabassa morta dawa hiyo haikuondoa balaa. Mizabibu yake ilikuwa imekufa, na mkataba ulikufa nayo. Wenye ardhi wakadai chao, au wakatoa mikataba mipya yenye masharti magumu. Sheria ya Uhispania ya mwaka 1889 ilikuwa tayari imeweka mpaka wa miaka 50 pale ambapo wenyewe hawakupatana muda. Ugomvi ukaendelea. Mwaka 1922 wakulima walianzisha chama chao, na mwaka 1934 bunge la Catalonia likapitisha sheria ya kuwawezesha kununua ardhi waliyoilima. Mwaka huohuo mahakama ya Madrid ikaifuta, na jambo hilo likawa mojawapo ya mambo yaliyoitia nchi ile katika machafuko.

Mtu wa pwani akisoma habari hii hahitaji kufasiriwa. Kwetu mti na ardhi vimekuwa na wenyewe mbalimbali tangu zamani. Katika Majengo ya Mombasa watu wana nyumba juu ya ardhi ya wengine. Katika mashamba ya Kilifi na Kwale minazi imewekwa rehani na kuuzwa huku udongo ukibaki kwa mwingine. Na wengi wamepanda miembe juu ya ardhi waliyodhani yao, mpaka siku alipotokea mtu na hati. Funzo la rabassa morta ni kwamba mkataba uliofungwa kwa uhai wa mti huonekana wa haki siku njema, lakini likija gonjwa la miti au ukame, hasara yote humwangukia aliyepanda.

MGEMA AKISIFIWA

Sasa tuseme ni kwa nini zile nyumba kubwa ziliuzwa. Kwa miaka mingi cava ilinunuliwa sana Ujerumani, Uingereza na Marekani, na ilinunuliwa kwa kuwa ni rahisi kuliko shampeni. Jina lenyewe halikufungwa na bonde moja. Kanuni ziliruhusu liandikwe juu ya mvinyo wa sehemu za mbali za Uhispania, hata Extremadura inayopakana na Ureno. Chupa zikawa nyingi, bei ikashuka, na mkulima mdogo wa zabibu akalipwa pesa kidogo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nadhani hawakuwa na mfano mwafaka kuliko huu.

Wakati huohuo koo zenyewe zilizidi kupanuka. Hisa zilirithiwa na watoto, wajukuu na vitukuu, na kila kizazi hisa ya mtu ikazidi kuwa ndogo. Mwenye hisa ndogo anayeishi mbali hana haja na harufu ya udongo wa Penedès. Ana haja na gawio la mwaka. Gawio likipungua, ataka auze. Basi ndugu wanaotaka kubaki na ndugu wanaotaka kuuza wakavutana, na akaja mgeni mwenye fedha taslimu. Mambo haya twayaona kila siku katika mirathi zetu, ila yao yalikuwa na wanasheria wengi zaidi.

ALIYETOKA NA SHAMBA LAKE

Lakini hawakuuza wote. Josep Maria Raventós i Blanc, mtu wa ukoo uleule na mmoja wa wakuu wa Codorníu, alijitoa katika kampuni miaka ya 1980. Mwaka 1986, pamoja na mwanawe, akaanzisha nyumba yake ndogo, Raventós i Blanc, juu ya shamba la ukoo ambalo maandishi yake yanarudi nyuma mpaka mwaka 1497. Wenyewe huhesabu vizazi zaidi ya 20 juu ya ardhi ileile. Mwaka 2012 wakafanya jambo lililowashangaza wenzao, wakaacha kuliandika jina la cava kwenye chupa zao, wakisema kwamba jina lisilomaanisha bonde wala bei ya haki halina faida kwao. Mwaka 2019 nyumba nyingine 6 za ukoo, zikiwamo Gramona na Recaredo, zikajitoa vilevile, zikawa na jina lao, Corpinnat. Masharti yao ni makali: zabibu zote zilimwe bila dawa za kemikali, zivunwe kwa mkono, na chupa ilale miezi 18 kwa uchache.

Ukulima wao ndio ninaotaka msomaji autazame. Dawa ya kuua majani hawatumii. Kati ya mistari ya mizabibu hupanda nafaka na mimea ya jamii ya kunde, ambayo huufunika udongo, huizuia mvua isiuchukue, na hatimaye hulazwa ikawa mbolea. Kondoo huingizwa shambani wakati wa baridi, wakala majani na kuacha samadi. Baadhi yao hulima kwa farasi, kwa kuwa trekta huushindilia udongo usinywe maji. Nondo aharibuye zabibu hupigwa kwa werevu: hutundikwa vijiti vyenye harufu iliyoigizwa ya nondo jike, dume likapotea lisijue liende wapi, na mayai yasipatikane. Wengi wao hutazama pia mwezi katika kupanda na kupogoa. Katika jambo hili wamo wanaokwenda mbali, hata kufukia pembe za ng'ombe zilizojazwa samadi, na hayo nawaachia wenyewe. Lakini kuhesabu siku za kupanda si ajabu kwetu. Wazee wa mwambao waliufuata mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo wa kupanda na mwongo wa kuingia baharini.

UKAME HAUBAGUI

Yapasa tuwe wakweli hapa. Penedès kwa kawaida hupata kadiri ya milimita 500 za mvua kwa mwaka, yapata nusu ya mvua ya Mombasa. Kuanzia mwaka 2021 mpaka 2024 hata hizo hazikupatikana. Mwezi wa Februari 2024 serikali ya Catalonia ilitangaza hali ya hatari ya maji, Barcelona ikiwamo. Mavuno, ambayo zamani yalianza Septemba, siku hizi huanza Agosti kwa sababu ya joto. Shamba lililotunzwa na shamba lililochoshwa yote mawili yalikosa mvua, na mizabibu ilikufa pande zote. Asikudanganye mtu kwamba samadi na kunde huleta mawingu.

Tofauti yake ni hii, kwamba udongo wenye mboji hunyonya mvua chache zinazokuja na kuzishika, na udongo mtupu huziacha zikaenda mtoni na matope yake. Na tofauti ya pili ni ya hesabu: nyumba ndogo inayouza chupa chache kwa bei ya haki yaweza kuvumilia mwaka mbaya, lakini nyumba iliyojengwa juu ya wingi na urahisi hutikisika mara moja wingi ukipungua. Wale wafanyakazi 615 walitambua hesabu hiyo kabla ya mtu mwingine.

SIRI YA VIZAZI ISHIRINI

Sasa nafikia penye uzito. Wawezaje watu kuishika ardhi moja zaidi ya miaka 500 bila kuikata? Jibu lake halina uzuri wote tunaoudhania. Catalonia ilikuwa na ada ya mrithi mmoja aitwaye hereu, aghalabu mtoto mkubwa wa kiume, naye ndiye aliyechukua nyumba na shamba zima. Watoto wote kwa pamoja walihesabiwa haki ya robo tu ya thamani ya mali. Binti alipata shamba pale tu ambapo hapakuwa na mwana. Shamba lilibaki zima kwa sababu ndugu wengi walitoka mikono mitupu, wakaenda kuwa mapadri, mabaharia, au vibarua mjini.

Sheria yetu hairuhusu hilo, na alhamdulillahi. Mafungu ya mirathi yamo katika Sura ya Nisaa, binti ana lake, mama ana lake, mjane ana lake, na Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chatambua Mahakama za Kadhi katika kuyasimamia. Kwa hiyo atakayesema tuwaige Wakatalani katika urithi atakuwa anatushauri tumdhulumu dada ili mwembe ubaki mrefu.

Hata hivyo, haki ya fungu na kukata udongo kwa panga ni mambo mawili. Sheria yamtaka kila mrithi apate haki yake. Haikuwalazimisha warithi wanane wa ekari nne wasimamishe nyua nane. Waweza kuendelea kuimiliki pamoja, kila mmoja akijua fungu lake, mmoja akawa msimamizi kwa ridhaa ya wote, na mazao yakagawanywa kwa mafungu yaleyale. Mara nyingi kinachokosekana ni maandishi. Mali bila daftari huisha bila habari, na msimamizi asiyeonyesha hesabu ndiye anayewafanya nduguze wamwite dalali. Tangu mradi wa bandari ya Lamu uzinduliwe mwaka 2012, madalali hawana haja ya kuitwa mara mbili.

Njia nyingine ni wakfu wa dhuria, yaani mtu kuliwekea shamba wakfu, mazao yakawa ya kizazi chake na hatimaye ya masikini, na shamba lenyewe lisiuzwe. Wakfu wa namna hii ulitiwa kilema na mahakama za Kiingereza, baada ya hukumu iliyotolewa London mwaka 1894 katika kesi ya Bengal, mpaka Bara Hindi likatungiwa sheria ya kuurudisha mwaka 1913. Kwetu Kenya ilitungwa sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951. Anayetaka njia hiyo amwendee kadhi na wakili mwaminifu angali hai na ana akili zake timamu, kwani maiti haandiki wakfu.

Na kwa wenye ardhi na wakulima wao, tuna mkataba bora kuliko rabassa morta. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaachia watu wa Khaybar mashamba yao wayahudumie kwa nusu ya mazao. Mkataba huo waitwa musaqat, una muda wake na fungu lake linalojulikana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea mwambao huu, miti iliyotajwa ni miwili, mtende na mzabibu. Maulamaa wengine wakaupanua ukafika kwenye miti mingine ya matunda. Kuhusu mnazi, masheikh wetu wapo, na waulizwe. Na wakiulizwa, waulizwe pia kuhusu yule Mwislamu anayemkodishia mgema minazi yake kisha akasema yeye hanywi. Mnazi una nazi, mbata, makuti na makumbi. Haukuumbwa kwa tembo peke yake.

Basi kabla ya kulaumu serikali na mabepari, na lawama zao wanazo, kila ukoo wenye shamba wafaa ukae kitako mwaka huu, wazee wangali hai, na akina mama na mabinti wakiwapo kwenye mkeka. Iandikwe ni ekari ngapi, hati iko kwa nani, minazi mingapi inazaa na mingapi imezeeka, na nani atapanda badala yake. Wale wa Sant Sadurní waliokaa wakapatana wangali wanalima. Waliochelewa waliuza, na leo majina ya babu zao yamo kwenye chupa tu.